Nusu Inchi ya Mkono wa Kushoto

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kaa kitako kwanza, na kama mguu uko kwenye kanyagio la cherehani uuondoe, nisije nikasababisha sindano ikakupitia kidoleni. Naolewa.

Ni yule fundi wa lifti niliyekusimulia, aliyekuja kunitoa nilipokwama ghorofa ya tatu na boksi la fremu za miwani. Tuliongea dakika arobaini kupitia ufa wa mlango. Nilipotoka nikaona sura haifanani na sauti, lakini nikasema si haba. Baba amempenda. Walikaa sebuleni wakizungumzia kamba za chuma na mizani hadi nikawaacha na chai yao. Harusi ni tarehe thelathini Aprili.

Nataka gauni la mkono wako, si la dukani. Unajua mimi si mtu wa makuu. Nimefikiria kitambaa kizito, cheupe cha maziwa, shingo ya duara, mikono ya kufika kwenye kiwiko, marinda machache, basi. Liwe la heshima ila nipumue. Mwenzangu wa dukani amenipima, na vipimo viko nyuma ya karatasi hii.

Kitu kimoja kinaniuma. Kila bibi harusi ana picha ya mama yake ya kuangalizia. Mimi sina hata moja, Baba anasema zilipotea zote tulipohama. Nilikuwa na miaka minne Mama alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, na ninachokumbuka ni harufu ya sabuni na mkono mrefu wa gauni ukinipangusa pua. Lakini wewe upo, na wewe ndiye mama niliyebaki naye.

Mwanao,
Bobini

11 Februari

Bobini mwanangu,

Marahaba. Sindano ilininusuru, ila mteja aliyekuwa amesimama juu ya stuli alinusurika kwa bahati, maana nilimkumbatia na pini zote mdomoni. Jana uliyekuwa ukizunguka chini ya meza yangu ya kukatia, ukikusanya nyuzi, ukipinduka kama bobini ya uzi hadi jina likakuganda, leo unaolewa. Haya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe nilikulea juu ya vipande vya vitambaa.

Sasa tuseme kazi. Huyo mwenzako akae na miwani yake. Bega ameandika inchi kumi na tisa. Hilo si bega la bibi harusi, hilo ni bega la mbeba magunia. Akupime upya, ukiwa umevaa nguo nyepesi, umesimama wima, hujazuia pumzi. Na uniandikie, usinipigie simu. Kipimo cha simu mtu husikia hamsini kumbe ni hamsini na tano, na mkasi hauombi radhi.

Mtindo ulioutaja nimeupenda. Wewe mwenyewe unajua kinacholeta watu hapa kwangu: shingo ndefu ya kufika chini ya kidevu, mikono hadi kwenye kiganja, vifungo vidogo mbele vilivyofichwa chini ya ukanda wa kitambaa. Wanakuja na mama zao, wanakuja na bibi zao, wote wanataka hiyo hiyo, wanasema ndiyo stara. Miaka ishirini na saba naishona. Nilidhani nawe utaitaka. Nashukuru hukuitaka.

Halafu nijibu hili. Huyo fundi wa lifti akikasirika hufanyaje? Usiniambie hucheka. Kila mchumba hucheka.

Shangazi yako

25 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Akikasirika huosha vyombo. Sikutanii. Huosha hata vilivyo safi.

Vipimo vipya viko nyuma, bega kumi na tano na nusu, nadhani sasa nimekuwa binadamu. Jumamosi nilikwenda kwa Baba kuchukua karatasi za kuandikisha ndoa, na nikiwa nafagia nikagonga kile cheti chake cha ualimu ukutani, kioo kikapasuka. Uzuri nafanya kazi kwenye vioo. Nimekibeba nikabadilishe kabla hajajua.

Sasa, usikasirike. Nimebadili mawazo. Nataka shingo ndefu, ile ile, ifike chini kabisa ya kidevu. Mikono iwe mirefu, ikibana kwenye kifundo cha mkono pale karibu na kiganja kwa vifungo vitatu. Na vifungo vya gauni viwe mbele, chini ya ukanda, nisihitaji mtu wa kunifunga mgongoni. Pasiwe na lesi. Nisipate hata tundu moja la kuonyesha ngozi.

Najua utauliza kwa nini. Usiniulize, tafadhali. Na Baba usimwambie lolote, wala mtu mwingine. Nitakueleza baadaye, yakishakwisha.

Bobini

4 Machi

Bobini,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimeisoma nimesimama.

Nakuuliza, hata kama umenikataza. Wazo hili ni la nani? Ulipoliamua, nani alikuwepo chumbani? Kwa nini vifungo mbele? Bibi harusi ana wenzake, ana wifi, ana shangazi. Kumfunga vifungo mgongoni ni furaha yao. Anayetaka kujivalisha peke yake ana sababu.

Kata ya gauni inaweza kusubiri. Njoo nikupime mwenyewe. Wiki moja tu, au hata siku mbili. Nitakuvua, nitakupima, nitakupa uji, utarudi.

Shangazi

12 Machi

Shangazi,

Samahani kwa mwandiko. Nimeteguka mkono wa kulia, nilianguka kwenye ngazi za dukani nikiwa na trei ya lenzi. Lenzi zote nzima, mimi ndiye niliyevunjika, mwenye duka amefurahi. Ninaandika polepole kama mtoto wa chekechea.

Kuja siwezi. Wenzangu wawili wako likizo. Wazo ni langu mwenyewe, naapa, na mchumba wangu hana habari hata na rangi ya uzi. Kwa nini umekuwa mkali hivyo? Wageni unawashonea mtindo huo kila juma bila kuwahoji, mimi wa damu yako unaniweka kizimbani. Mbona unanitia hofu na nguo yangu mwenyewe?

Nishonee tu, Shangazi. Nakuomba.

Bobini

17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sijakuandikia siku nyingi na leo sikuandikii kwa salamu.

Nenda kamwone mwanao. Usimwambie unakuja. Mwangalie shingo, mwangalie mikono hadi mabegani, mwangalie anavyokaa mlango ukifunguliwa kwa nguvu. Ameomba gauni la shingo ndefu, mikono mirefu, vifungo mbele ili ajivalishe mwenyewe. Amenikataza kuuliza. Halafu ameniandikia kwamba ameanguka kwenye ngazi.

Maneno hayo tumewahi kuyasikia, mimi na wewe. Hakuna mtu hapa duniani ajuaye kusoma dalili hizo kuliko wewe, kwa hiyo nakutuma wewe.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekwenda. Nimekaa siku mbili. Mkono uliteguka kwenye ngazi kweli, mwenye duka aliona, wateja waliona. Kijana hana neno. Nilimchokoza makusudi kwenye mchezo wa bao, nikamwibia kete, akanyanyuka akaenda kuosha vikombe. Mtoto ana furaha. Niliangalia yote uliyoniambia niangalie, na niliangalia kama mtu anayejua.

Mshonee. Lakini nakuomba kitu kimoja, na mimi si mtu wa kukuomba. Mshonee shingo yoyote ila hiyo. Mwambie kitambaa hakikutosha. Wewe ni fundi, hukosi la kusema.

Yaliyopita tumeyazika. Mtoto hana haja ya kuyajua. Mimi nimezeeka.

Kaka yako

5 Aprili

Bobini mwanangu,

Gauni nimelituma kwa basi, kwenye boksi la kadibodi, limefungwa karatasi nyeupe. Lianike saa moja kabla ya kulivaa, usilipige pasi kwa juu, tanguliza kitambaa chenye unyevu. Kola inasimama yenyewe, nimeitia kitambaa kigumu ndani.

Nimelishona ulivyotaka. Siku ya mwisho nililivika ile sanamu ya kujaribishia nguo pale kona, nikaenda kufungua dirisha asubuhi, na nilipogeuka nilisema "karibu wifi" kabla sijajua nimefungua mdomo. Ndiyo uzee huo. Nimelikunja siku hiyo hiyo.

Kwenye upindo wa chini, upande wa kushoto, utagusa kitu kigumu. Ni mimi niliyekishona humo. Usikifumue, ila siku utakapokihitaji.

Shangazi

12 Aprili

Shangazi,

Gauni limefika. Nililivaa mbele ya kioo cha dukani baada ya kufunga, mwenzangu akalia, nami nikamlilia kwa kulia kwake. Ni zuri mno. Sasa naweza kukuambia siri yangu, halafu nina swali.

Kile cheti cha Baba. Nilipotoa kioo kilichopasuka, nyuma ya karatasi ya cheti kulikuwa na picha. Mama, siku ya harusi. Miaka yote imekaa pale ukutani, uso kwa cheti, tukila mbele yake. Nilikaa sakafuni nikaitazama hadi miguu ikafa ganzi. Shingo ndefu, mikono mirefu, vifungo mbele chini ya ukanda. Nikajua ni kazi yako, hakuna mwingine ashonaye hivyo. Ndipo nikabadili mawazo. Nilitaka Baba akija kunichukua, mlango ufunguke, amwone Mama amerudi. Nilitaka wewe pia ushtuke kwa furaha ukiniona, ndiyo maana nikakukataza kuuliza. Nikadhani ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ninayoweza kumpa mzee aliyenisuka nywele kwa mikono yake hadi darasa la sita.

Sasa swali. Mkono wa kushoto wa gauni langu ni mpana kuliko wa kulia. Si sana. Nimepima, ni nusu inchi, kutoka kwenye kiwiko hadi chini. Wewe hukosei, Shangazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkono na mkono ni mapacha. Nikachukua picha ya Mama nikaiweka chini ya ile lenzi tunayosomea namba ndogo za fremu. Mkono wake wa kushoto nao ni mpana. Na pale mwisho, karibu na kiganja, kifungo kimoja kimefunguka, na ndani kuna kitu cheupe kisicho kitambaa cha gauni. Kina mizunguko. Ni bendeji.

Fundi mmoja, kosa moja, miaka ishirini na saba katikati. Mama alikuwa na nini mkononi?

Na kile kitu kigumu nimekifumua. Nisamehe, mimi si mtu wa kungoja. Ni ufunguo. Wa nini?

Bobini

16 Aprili

Mwanangu,

Ulipoandika nusu inchi nilikwenda kwenye daftari langu la vipimo nikakutafuta. Nilikuandikia mikono sawa, kulia na kushoto. Nilikata sawa kwa kichwa, kumbe mkono wangu ulikata wa mtu mwingine. Sikujua. Nakuapia sikujua hadi niliposoma barua yako.

Nitakuambia, nawe ukimaliza kusoma ufanye utakalo.

Gauni la mama yako halikuwa hivyo. Yeye kama wewe alitaka shingo ya duara na mikono ya kufika kwenye kiwiko. Nilikuwa nimelimaliza. Siku nne kabla ya harusi alikuja kulijaribu, asubuhi, peke yake. Nilikuwa fundi mchanga, nina cherehani moja na kioo kilichopasuka pembeni. Akavua. Shingoni alikuwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani, umefungwa bendeji. Akasema, "Wifi, nilianguka kwenye ngazi."

Ngazi haina vidole, Bobini. Nilizihesabu zile alama, na nilijua ni vidole vya nani, maana vilikuwa vimenishika mkono kunivusha barabara utoto wangu wote. Kaka yangu. Baba yako.

Akaniuliza, "Unaweza kuifunika?"

Nikamwambia, "Hilo dogo."

Hayo maneno mawili ndiyo niliyompa. Alibaki amesimama pale, gauni liko miguuni, akinitazama kwenye kioo. Alikuwa anangoja niseme neno jingine. Hata leo naona anavyongoja. Mimi nikachukua tepu nikaanza kumpima shingo.

Nilifumua kila kitu. Nilichukua kitambaa kilichobaki nikasimamisha kola hadi chini ya kidevu. Nikaongeza mikono, wa kushoto nikaupanua nusu inchi ili bendeji ikae. Vifungo nikavileta mbele ili asivalishwe na mtu, asionwe na mtu. Nikajiambia, kaka akishaoa ataacha. Nikajiambia, ni kaka yangu, kila mtu ananyanyua mabega akisikia habari ya ndani ya nyumba, kwa nini mimi nijitie kimbelembele. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi niliuficha kwa ustadi, nikazaa biashara.

Maana siku ile ukumbi mzima ulimpenda. Walisema hawajawahi kuona bibi harusi mwenye heshima vile. Mwaka huo huo nilipata maharusi wanane, wote wanataka shingo ile. Nikanunua cherehani ya pili. Nikaandika kibao. Nyumba ninayoishi imejengwa kwa kola ile, na kila bibi harusi anayetoka mlangoni kwangu amevaa bendeji ya mama yako bila kujua.

Baada ya harusi nilimshonea magauni kumi na moja. Yote mikono mirefu. Hakuwa akinieleza tena, alikuwa analeta kitambaa tu, nami nakata. Hakufa kwa kipigo, nataka ulijue hilo. Alikufa kwa kifua, hospitali, baba yako amemshika mkono. Tangu siku hiyo hajainua mkono kwa kiumbe yeyote. Sijui kama ni toba au alikosa mtu. Sijawahi kumuuliza. Tunaandikiana salamu.

Ndiyo maana uliponiomba shingo ile, na vifungo mbele, na ukaniambia ngazi, nilimwona mama yako. Nilimdhania mchumba wako ubaya, mtoto wa watu asiye na kosa. Niombee radhi kwake. Nilimtuma baba yako aje awaangalie, akarudi na jibu kwamba uko salama. Nikawa sina wa kumwamini, maana shahidi wangu ndiye mshitakiwa. Nikashona.

Ufunguo ni wa mlango wangu wa nyuma. Nimeuchonga kwa ajili yako. Ni ufunguo ambao mama yako alipaswa kuwa nao siku ile, badala ya kola.

Nimeandika yote. Sikuombi kitu.

Shangazi yako

24 Aprili

Bobini,

Siku nane kimya. Sikulaumu. Nataka kujua tu, nije au nisije?

Shangazi

26 Aprili

Njoo. Kaa mstari wa nyuma. Siku hiyo usinisemeshe.

B.

19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuona. Ulikaa mahali nilipokuambia, na kitambaa chako cha kichwa kilikuwa kimepinda, nikataka kuja kukinyoosha, nikajizuia. Uliondoka kabla ya chakula. Kwa hiyo hukujua kwa nini niliingia peke yangu, na najua umelala na swali hilo.

Sikuupunguza ule mkono. Mwenzangu alikuwa tayari na sindano, nikamwambia acha.

Baba alikuja saa nne kunichukua. Alibisha hodi, akafungua. Shangazi, nilikuwa nimeungoja mlango ule tangu Februari. Alisimama. Kisha akaita jina la Mama, si langu. Siku nilipopanga haya nilidhani nikilisikia jina hilo nitalia kwa furaha.

Nilimnyooshea mkono wa kushoto nikamwambia, "Baba, mkono huu ni mpana kwa nusu inchi. Unajua kwa nini?"

Hakuniuliza nani ameniambia. Alitazama ile ncha ya mkono yenye vifungo vitatu, akaigusa kwa kidole kimoja, akakaa kwenye kiti cha kuvalia viatu. Halafu akasema, "Nilikuwa kijana."

Nikamwambia, "Na yeye alikuwa kijana."

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Nilijua akinishika mkono sitaweza kutembea, nikachukua maua yangu nikatoka. Baadaye nilimwona amesimama ukutani, kofia mkononi, na watu wakimpongeza.

Sijui nimfanye nini. Jumapili alikuja, akaketi, nikampa chakula. Ni baba yangu. Hajawahi kunipiga hata kofi moja. Lakini nikikumbuka nywele zangu zilivyosukwa, nakumbuka vidole, na nikikumbuka vidole nahesabu vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Ile picha nimeitoa nyuma ya cheti, nimeitundika sebuleni kwangu. Alipoiona aligeuza kiti, akala ameipa mgongo. Sikumwambia ageuke, wala sikuitoa.

Mume wangu nilimsomea barua yako yote. Aliosha vyombo vyote, hata sufuria la jirani. Kisha akasema, "Mwambie Shangazi asiache kuniangalia."

Kuhusu wewe pia sijui. Nilidhani nikiandika nitajua kama nimekusamehe, na nimefika ukurasa wa pili bado sijui. Nitakujulisha. Ufunguo sirudishi.

Kuna jambo moja limenisukuma kuandika leo. Picha za harusi zimetoka, na nimeziweka dukani mezani kwangu. Wateja wanazishika, wanasogeza miwani mipya, wanasema hawajawahi kuona gauni lenye heshima hivi. Wasichana watatu wameniomba anwani yako. Wa tatu amekuja jana, alikuwa amevaa sweta, na nje kulikuwa na jua la kupasua kichwa. Alisema anataka shingo ile ile.

Niwape?

Bobini

27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Msamaha wako siudai. Uje wenyewe ukitaka.

Kibao nimekishusha. Sijafunga kazi, kushona ndiko ninakokujua, na stara si kosa la mtu. Wako wanaoitaka kola ile kwa moyo wao, na hao nitawashonea hadi macho yanikatae. Lakini nimebadili utaratibu. Zamani nilianza na shingo. Sasa anayekuja namketisha, namwambia mama yake akanywe chai nje, nafunga mlango, namwambia kunja mikono yote miwili, vua mtandio. Wengine wananicheka, wanasema bibi huyu amezeeka, anapima nini kabla ya tepu. Nawaacha wacheke.

Juzi mmoja hakucheka. Hakukunja mikono pia. Alisema, "Nilianguka."

Mwanangu, ulimi ulikuwa mzito kuliko pasi ya mkaa. Nilimwona mama yako kwenye kioo, amesimama nyuma ya yule binti, ananitazama vile vile, anangoja. Nikaweka tepu chini. Nikasema, "Ulianguka kwenye mikono ya nani?"

Amelala chumba cha nyuma, kile ulimokuwa ukilala ukija likizo. Gauni lake sijalikata.

Wape anwani. Anza na huyo wa sweta, na umpe ule ufunguo aje nao. Wewe nitakuchongea mwingine.

Shangazi yako